Siku Niliyoitikia Jina la Lubunga

Mbwa akitembea juu ya simenti, msikilizeni kabla ya kumtazama. Kucha zikiwa za kiasi, anapita kimya. Zikizidi zinagonga, ka, ka, ka, kama mama aliyechelewa kanisani na viatu vyake vipya. Siku hizi hapa Kasenga, mjini Uvira, nausikia mlio huo kila asubuhi, maana ninyi vijana mnafuga mbwa ndani ya nyua za simenti. Hawapandi mlima, hawakimbii kwenye mawe, kucha zao hazipati pa kulika. Mwisho mnaniletea mnyama anayechechemea na kuniuliza ni nani amemloga. Hakuna aliyemloga. Ni ninyi hamkumshika mguu tangu azaliwe.

Nimefanya kazi ya wanyama tangu kabla ya uhuru hadi magoti yalipokataa. Mkipita mbele ya nyumba yangu mnasema, "Huyu mzee njo fundi ya makucha." Nafurahi nikisikia, siwezi kuwadanganya. Lakini ufundi huo haukuwa wangu. Ulikuwa wa mtu mmoja aliyeitwa Lubunga, na kwa miaka mingi nilimwonea wivu hadi chakula kikanikwama kooni. Nataka mlijue hilo pamoja na kazi yenyewe, kwa sababu nilijifunza yote mawili siku zilezile.

Nilianza mwaka wa mwisho wa Wabelgiji. Nilikuwa mtoto wa mvuvi, lakini nilikuwa nimesoma, nikapata diploma ya usaidizi wa wanyama na blauzi, lile koti jeupe la kazi lenye mifuko miwili. Dispanseri yetu ilikuwa chumba kimoja na baraza, na kazi kubwa ilikuwa kuchanja ng'ombe wa bonde la Ruzizi na wa milimani. Mbwa walikuwa wa Wazungu, wa wafanyabiashara, na wa mapadri. Daktari wetu, Mbelgiji mwenye haraka, hakupenda kazi ya mbwa. Siku yangu ya kwanza alinipa mbwa wa padri na koleo ndogo ya kukatia kucha, ile tuliyoiita pense.

Nilifanya kama nilivyosoma. Nilimshika mguu nikaukaza. Mbwa akavuta. Nikakaza zaidi. Akaning'ata hapa, chini ya kidole gumba, mbele ya daktari na mbele ya padri mwenyewe.

Palikuwa na mtu amekaa barazani akisuka kamba za ng'ombe. Ndiye Lubunga, wa Bijombo, juu milimani, hakujua kusoma hata herufi moja. Kazi yake ilikuwa kuangusha mafahali ili sisi wenye diploma tuwachome sindano. Akainuka, akaja akaketi sakafuni, akampa mbwa mgongo. Hakumwita wala hakumtazama. Tulisubiri. Baada ya muda mbwa alikuja mwenyewe akamnusa shingo, akalala ubavuni pake. Lubunga akauweka mguu wa mbwa juu ya kiganja chake, kama mtu anayepokea yai, akasema bila kugeuka:

"Mukubwa, nipatie kile chuma."

Alinimaanisha mimi. Alikuwa amenizidi miaka kumi, na aliniita mkubwa wake kwa sababu ya blauzi. Nikampa. Alikata kucha zote kumi na nane, na mbwa wa padri akalala usingizi.

Daktari alicheka akampiga bega. Tangu siku ile akija mwenye mbwa, hakuulizwa aliyesoma. Aliulizwa Lubunga.

Sasa sikilizeni alivyokuwa akikata, maana mkitoka hapa na hili tu, inatosha. Ndani ya ukucha wa mbwa kuna nyama hai yenye damu. Lubunga aliiita moyo. Ukucha ukiwa mweupe, moyo unaonekana, una rangi ya waridi. Unakata mbele yake na kuuachia nafasi. Ukucha mweusi hauonyeshi kitu. Huo unaukata vipande vyembamba kama unavyomenya tangawizi, na kila ukikata unatazama palipokatwa. Pakiwa pakavu na peupe, endelea. Likianza kuonekana doa jeusi katikati, laini, lenye unyevu kidogo, hapo simama. Moyo uko karibu.

"Kata kidogo, angalia," alisema. "Kata tena kidogo, angalia. Ukiona haraka inakukamata, weka chuma chini, enda kunywa maji."

Na kuna ukucha mmoja wa pembeni, upande wa ndani wa mguu wa mbele, juu kidogo ya vidole vingine, ambao watu husahau. Huo haugusi chini kabisa, hata mbwa akikimbia kutwa. Unakua ukijikunja mpaka unaingia ndani ya nyama yake mwenyewe. Mbwa wengi walioletwa kwangu eti wamelogwa, walikuwa wamelogwa na ukucha huo.

Nilijua haya kwa kumchungulia, si kwa kumwuliza. Kumwuliza nisingeweza. Nilijifanya naandika daftari la chanjo huku namtazama mikono. Mikono yenyewe ilikuwa mibaya, migumu, imepasuka kwa kamba. Nilirudi nyumbani nikaiangalia yangu, laini, nikaichukia. Mke wangu Maombi aliniuliza, "Unatafuta nini mu mikono?" Nikamjibu kwamba ni dawa imeniwasha.

Uhuru ulipokuja, Wazungu wengi wa mjini walivuka mpaka kwenda Usumbura, Bujumbura ya leo, wengine wakaacha hata sufuria mekoni. Daktari wetu naye alifunga sanduku. Asubuhi ya kuondoka alituita barazani. Mimi alinipa ufunguo wa dispanseri, daftari na muhuri. Kisha akatoa ile pense mfukoni, imefungwa kwa kitambaa, akaiweka mkononi mwa Lubunga.

Mtu mwenye akili angeona kwamba nimepewa nyumba nzima, na mwenzangu amepewa chuma cha kiganja. Mimi nilikiona kile chuma tu. Niliushika ufunguo siku nzima kama mtu aliyepewa mfupa usio na nyama.

Sasa nawaambia jambo ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Wiki moja baadaye, Lubunga akiwa ameteremka ziwani kuoga, niliichukua ile pense nikakatia waya wa banda langu la kuku. Nilikata waya nyingi kuliko zilizohitajika. Nikairudisha ndani ya kitambaa chake.

Chuma butu, vijana, hakikati ukucha. Kinauminya, unapasuka kwa urefu, na mbwa anaumia kuliko angekatwa moyo. Mbwa wa kwanza aliyefuata alikuwa wa fundi cherehani mmoja, mpole kabisa. Lubunga alipobana, mbwa alilia akamng'ata kiganja, akapitisha meno. Niliona damu ikimwagika juu ya kamba zake. Sikuona raha niliyoitarajia. Lubunga hakumpiga mbwa. Aliinua pense akaielekeza kwenye jua, akapitisha kidole kwenye makali, akayaona mapengo ya waya. Alinitazama. Muda mfupi sana. Kisha akaenda kutafuta jiwe la kunolea, akakaa nalo hadi jioni, kiganja kimefungwa kwa kipande cha shuka.

Angenitukana ningepumzika.

Ukafika mwaka wa uasi. Wapiganaji waliingia Uvira, wenye serikali wakakimbia, na watu wengi wakapanda milimani na magodoro kichwani. Sisi wawili tulibaki, kwa sababu ng'ombe wanaugua hata wakati wa vita. Komanda mmoja wa waasi alikaa katika nyumba ya mfanyabiashara aliyevuka. Ndani yake alikuta mbwa mkubwa mweusi aliyeachwa, jina lake Bruno. Watu walisema komanda yule anakula naye sahani moja. Wapiganaji wake walikuwa na miiko mingi: wasiguse hiki, wasile kile, na kabla ya kwenda vitani damu isimwagike mbele yao, la sivyo dawa waliyonyunyiziwa itaharibika na risasi zitawaingia.

Asubuhi moja walikuja wawili barazani, mmoja na bunduki, mwenzake na mkuki. Nilikuwa peke yangu. Lubunga alikuwa ziwani anaosha kamba.

"Lubunga njo nani hapa?" akauliza mwenye bunduki. "Komanda anamutaka. Mbwa yake haikanyagi chini. Watu yote wanasema, hapa Uvira ni Lubunga tu."

Ni Lubunga tu. Kungekuwa na neno jingine lolote, labda ningejibu kweli.

"Njo minye," nikasema, ndiye mimi.

Mtu huniuliza, hukuogopa? Niliogopa baadaye. Wakati ule niliwaza kitu kimoja: kwamba nitaingia katika nyumba ile na watu watanitazama kama wanavyomtazama yeye. Nilichukua pense kwenye kitambaa, nikavaa blauzi yangu, nikawafuata.

Komanda alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alikuwa ameketi barazani, wapiganaji wake kama kumi na watano wamezunguka, wamevaa majani na ngozi, wanangoja lori la kuwapeleka vitani, njia ya Kiringye. Bruno alikuwa chini ya meza, mguu wa mbele umeinuliwa. Niliona kwa jicho moja tu: ule ukucha wa pembeni ulikuwa umejikunja na kuzama ndani ya nyama, na pamevimba.

"Wanasema mbwa ikikuona inalala yenyewe," alisema komanda.

"Njo vile wanasema," nikajibu.

Basi nilimaliza kanuni zote za Lubunga kwa kuzivunja. Sikuketi, nilisimama juu ya mbwa. Sikumngoja, nilimvuta mguu. Sikuanza na kucha za kawaida ili azoee mkono. Nilikwenda pale panapouma. Alipovuta, niliona macho ya watu, haraka ikanikamata, na nilipokosa ukucha wa pembeni nikabana ule mweusi wa jirani yake, mara moja, karibu na mzizi.

Bruno alipiga kelele ambayo bado naisikia. Aliruka juu ya meza, akashuka, akakimbia katikati ya wapiganaji. Moyo wa ukucha ukikatwa hutoa damu kuliko ukubwa wake. Ilidondoka kwenye simenti, kwenye mkeka, na kwenye mguu wa kijana mmoja aliyevaa ngozi ya chui. Kijana yule alipiga yowe kubwa kuliko mbwa.

"Damu! Ametuharibia dawa! Huyu ametumwa!"

Walinikamata. Komanda hakupaza sauti. Aliitazama damu, akatazama lori lililokuwa linaingia, akasema, "Lori irudi. Leo hakuna kwenda. Mumufunge Lubunga mu depo. Nitamuamulia."

Depo ilikuwa chumba cha mfanyabiashara cha kuwekea chumvi na samaki wakavu. Giza, na harufu. Nje niliwasikia wakisema: "Lubunga ni mulozi." "Lubunga apigwe risasi." Nilitaka kupiga kelele kwamba mimi si Lubunga. Nikaona kwamba nikisema, nimekubali kuwa nilidanganya, na mdanganyifu siku zile aliitwa mpelelezi. Nisiposema, nitakufa kwa jina la mtu mwingine. Na hapo gizani, Mungu anisamehe, wivu wangu haukulala: niliwaza kwamba hata nikizikwa, watu watamlilia Lubunga. Hata kosa langu, jamani, lilikuwa lake.

Jua lilikuwa limefika juu niliposikia sauti yake mlangoni mwa ua.

"Habari zenu. Minye njo Lubunga."

Wakacheka. "Lubunga tumeisha kumufunga."

"Basi mumutoshe inje, muone nani anajua kazi. Na munipatie unga ya muhogo, na maji ya moto kidogo, na chumvi."

Walinitoa wakanisimamisha ukutani. Lubunga hakunitazama. Aliketi sakafuni, akampa mbwa mgongo. Wapiganaji walimzunguka na mikuki yao, naye akakaa kama mtu anayeota jua. Bruno alikuwa amejificha nyuma ya pipa. Tulingoja sana. Kijana mmoja akaanza kulalamika, komanda akamnyamazisha kwa kidole. Mwishowe mbwa akatoka, anachechemea, akamnusa shingo.

Lubunga alichukua unga wa muhogo, akaushindilia penye ukucha uliokatwa, akabana kwa kidole bila kukiondoa ili kuchungulia. Hilo mlishike: mkichungulia kila saa mnafungua upya. Damu ikasimama. Kisha akauweka mguu ndani ya maji ya chumvi mpaka ngozi ikalainika. Akanyoosha mkono kuniomba pense, bado bila kunitazama, nikampa. Aliukata ule ukucha wa pembeni kwa nje, pasipouma, halafu akaishika ncha iliyozama akaivuta taratibu kufuata mkunjo wake, kama mtu anavyotoa ndoano mdomoni mwa samaki anayetaka kumrudisha majini. Usaha ukatoka. Akasafisha. Bruno alitetemeka lakini hakuvuta. Alipoachiwa alikanyaga chini, mara moja, mara ya pili, akaenda kulala miguuni pa komanda.

Komanda alikaa akimtazama mbwa wake. Kisha akanyoosha kidole kwangu.

"Na huyu ni nani aliyesema yeye njo weye?"

Lubunga akasema:

"Ni mukubwa wangu wa kazi. Minye nilimutuma. Nilimuambia, wakiniuliza, weye itika. Nilikuwa naogopa kuja."

"Ulijificha?"

"Ndiyo, Komanda. Nilijificha."

Wapiganaji walimcheka. Mtu aliyekuja kwa miguu yake mahali pale, akajiita mwoga mbele ya watu, nami nikanyamaza. Nilikuwa na mdomo, sikuutumia.

"Huyu aende," alisema komanda. "Mwoga atabaki hapa achunge mbwa."

Nilitoka. Nyuma yangu nilisikia Lubunga anaomba kipande cha nyama kwa ajili ya Bruno. Baada ya miezi michache askari wa serikali waliposogea, waasi walipanda milima, na Lubunga alipanda nao, na mbwa. Hakurudi.

Dispanseri ikawa yangu. Pense, ambayo daktari hakunipa, ikawa yangu: mjumbe mmoja aliileta kutoka nyumba ile, imefungwa kwenye kitambaa, imenolewa. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kumchungulia. Nilikaa sakafuni na blauzi yangu. Nilingoja mbwa waje. Nilikata kidogo, nikaangalia. Watoto wa mbwa niliwashika vidole kila siku, bila chuma, ili mguu usiwe siri kwao. Mbwa mwenye hofu nilimkata ukucha mmoja kwa siku na kumpa dagaa. Watu wakaanza kusema, hapa Uvira ni Zakaria tu. Neno lilelile nililolitamani. Kila nikilisikia nililiona ni nguo ya mtu mwingine.

Habari zikafika kwamba Lubunga yuko hai Bijombo, aliwatoroka waasi, ana mbuzi wachache. Mnadhani nilikimbia kwenda kumwona? Nilikaa miaka. Nilisema barabara mbaya, nilisema chanjo, nilisema mvua. Mwishowe Maombi aliweka sahani mbele yangu akasema, "Kila siku tunakula watatu hapa, weye, minye na Lubunga. Enda kumuona huyo muntu, nipate kupika kidogo."

Nilipanda siku mbili. Nilimkuta nje ya nyumba yake, anachonga mpini wa jembe. Macho yake yalikuwa yamefifia kwa moshi na maradhi. Bruno alikuwa karibu naye, amezeeka, pua imekuwa nyeupe. Alinitambua kwa sauti, akanikumbatia, akamwambia mke wake, "Mukubwa wangu wa kazi amefika. Chinja kuku."

Hakuniuliza nimefuata nini. Alinyoosha mguu wa Bruno kwangu. "Sioni tena doa," alisema. "Weye kata."

Niliketi sakafuni. Nilifanya yote sawasawa. Bruno alininusa, akanguruma kutoka ndani kabisa. Alikuwa amenikumbuka. Lubunga akasogea, akaweka mkono wake juu ya wangu, ule wenye kovu la kiganja, na mbwa akanyamaza. Tukakata hivyo, mikono miwili, macho yangu na vidole vyake. Na nitawaambia ukweli hadi mwisho: hata pale wivu ulinichoma, kwa sababu mkono uliokata ulikuwa wangu na mbwa alikuwa akimtazama yeye.

Tulipofika ukucha wa mwisho nilishindwa kuendelea. Nilimwambia yote. Waya wa kuku. Jina. Namna nilivyonyamaza ukutani.

"Waya nilijua," alisema. "Mapengo ilikuwa ya waya."

"Na siku ile? Kwa nini ulikuja? Ungeweza kupanda mlima toka ziwani, hakuna mtu angekutafuta. Lubunga alikuwa ameisha kufungwa."

Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hakuwahi kulipima.

"Nilikuwa natoka ziwani na kamba," alisema. "Watu mu njia wakaniambia, Lubunga wamemufunga, watamuua. Nikasema, kama Lubunga iko ndani, minye ninafanya nini inje?"

Akacheka mpaka akakohoa, akautafuta kwa vidole mguu wa mbwa, akanionyesha ukucha uliobaki.